Ruta ya zamani usiitupe: kuweka OpenWrt mwanzo mpaka mwisho

Ruta ninayotumia hapa Sakina, Arusha, niliitoa kwenye boksi la makorokoro. Kuna ofisi ya utalii mjini ilikuwa inahama, wakawa wanauza kila kitu, viti, feni, printa, na chini kabisa kwenye boksi la waya kulikuwa na TP-Link Archer C7 imejaa vumbi, antena moja imelegea. Chalii aliyekuwa anauza akaniambia kaka hiyo imechoka, inakata kata, we nipe elfu kumi na tano ondoka nayo. Nikampa. Leo inahudumia vyumba sita vya wapangaji na mama mwenye nyumba juu yake, na hakuna kifaa hata kimoja ndani yake nilichobadilisha. Nilichobadilisha ni fimwea tu, nikaweka nyingine inaitwa OpenWrt.

Fimwea ni ile programu inayokaa ndani ya ruta yenyewe, ndiyo inayogawa intaneti, inayolinda paswedi, inayokuletea ile kurasa ya setingi ukiandika namba zake kwenye brauza. Kiwanda kinaitengeneza, kinaiapdeti miaka michache halafu kinaachana nayo kinakimbilia modeli mpya. Ruta nyingi tunazosema zimechoka hazijachoka, zimetelekezwa tu.

Nikwambie kabisa mapema, kuflashi kwenyewe, yaani kuiandika fimwea mpya ndani ya ruta, ni dakika tano. Kinachoua ruta za watu ni papara kabla ya hizo dakika tano, kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni maandalizi, ukiona nachelewa kufika kwenye kitufe cha kuflashi usiruke, ndipo penyewe.

Hii kitu ilitoka wapi

Kifupi. Mwisho wa 2002 Linksys walitoa ruta inaitwa WRT54G, ile ya bluu na nyeusi, watu wakaichokonoa wakagundua ndani inaendeshwa na Linux. Sasa leseni ya Linux, GPL, inasema ukigawa programu hiyo lazima utoe na kodi yake, yaani maandishi yanayoiunda, kwa hiyo 2003 kampuni ikaitoa, na 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt. Wengine wakatengeneza DD-WRT, wengine Tomato, ambayo siku hizi inaendelezwa kwa jina la FreshTomato. OpenWrt wenyewe waligombana 2016, kundi moja likajitoa likajiita LEDE, wakaja kupatana na kuungana tena 2018. Mi natumia OpenWrt, na hapa naongelea hiyo. Ila kama ruta yako ina chipu ya Broadcom, waifai yake kwenye OpenWrt mara nyingi ni ya kusumbua, we kaangalie FreshTomato au DD-WRT usijitese.

Na hili sio la kunogesha stori, ni usalama. Juni 2025 CISA, taasisi ya Marekani ya usalama wa mitandao, iliingiza kwenye orodha yake ya matundu yanayotumiwa na wahalifu tundu namba CVE-2023-33538, na ruta zilizotajwa ni pamoja na TL-WR841N toleo la 8 na la 10. Hiyo WR841N ni ile nyeupe yenye antena mbili, ukizunguka Arusha nzima ofisi ya tatu utaikuta imepigiliwa ukutani.

Geuza ruta usome stika

Hapa ndipo watu wanapoumia. Jina la mbele halitoshi. Geuza ruta, chini kuna stika, tafuta jina la modeli na pembeni yake neno Ver au V na namba. Archer C7 Ver 2.0 na Archer C7 Ver 5.0 ni vitu viwili tofauti, faili la huyu ukimpa yule unaweza kumuua. WR841N ndio balaa kabisa, jina ni lile lile lakini toleo la 9 lina chipu ya Atheros, la 13 lina chipu ya MediaTek, kinachofanana ni boksi la nje tu. Piga picha hiyo stika iweke kwenye simu, manake ukishafunga ruta ukutani hutataka kuifungua tena.

Ukishajua toleo, ingia kwenye tovuti ya OpenWrt, wana jedwali la vifaa, tafuta yako, uangalie namba mbili: fleshi na ramu. Fleshi ni stoo, ramu ni meza ya kufanyia kazi. Hesabu zangu ni hizi:

Fleshi MB 4 na ramu MB 32: achana nayo. WR841N nyingi za zamani zipo hapa. Toleo la mwisho la OpenWrt lililozikubali ni 19.07 na hilo lilifungwa 2022, halipati marekebisho tena, kwa hiyo ukiiweka unakuwa umehama nyumba mbovu moja ukaingia nyingine. Utakuta watu wanakwambia inawezekana, ndio inawezekana, hata kulala kwenye daladala inawezekana.

Fleshi 8 na ramu 64: inaingia lakini kwa kubanana, usitegemee kuongeza vitu.

Fleshi 16 na ramu 128: hapo umefika, C7 toleo la 2 ipo hapa na ndiyo maana naing'ang'ania. Ina bandari (matundu ya waya) za gigabiti, masafa mawili ya waifai, na matundu mawili ya USB, hilo la USB utaona faida yake mbele.

Ukiwa unanunua mtumba, iwe Kilombero au Memorial kule Moshi, omba kuigeuza kabla ya kutoa hela. Muuzaji akikataa usome stika, ondoka. Na zile ruta za laini ambazo mitandao ya simu inatoa, pamoja na kile kiboksi cha faiba, usiziguse, nyingi hazipo kwenye orodha na za faiba ukiharibu umekata intaneti yako mwenyewe.

Andaa njia ya kurudi kabla ya kwenda

Shusha mafaili matatu yakae kwenye kompyuta, sio kwenye simu, sio kwenye barua pepe, kwenye kompyuta. La kwanza ni faili la OpenWrt lenye neno factory kwenye jina, hilo ndilo la kutokea kwenye fimwea ya kiwandani. La pili lenye neno sysupgrade, hilo ni la kuapdeti ukishakuwa ndani ya OpenWrt. La tatu ni fimwea ya kiwandani ya toleo lako hilo hilo, kutoka tovuti ya kampuni, kwa ajili ya siku utakayotaka kurudi. Chukua toleo imara, usichukue yale ya majaribio yanayoitwa snapshot, hayo yanakuja bila kurasa ya setingi, utabaki unatazama skrini nyeusi.

Halafu hakiki kwamba faili limeshuka lote. Intaneti zetu mnazijua, faili linaweza kushuka nusu na kompyuta ikakwambia limekamilika. Kwenye tovuti pembeni ya kila faili kuna mstari mrefu wa herufi na namba unaitwa sha256. Kwenye Windows fungua ile skrini ya amri uandike:

certutil -hashfile jinalafaili.bin SHA256

Kwenye Linux ni sha256sum halafu jina la faili. Mistari ikilingana herufi kwa herufi endelea, ikitofautiana hata moja futa ushushe upya.

Sasa umeme. Huu ndio mtihani wa huku kwetu, wenzetu wanaoandika miongozo hii Ulaya hawalijui hili. Umeme ukikatika katikati ya kuflashi ruta inabaki na nusu ya fimwea, haijui hata jina lake. Kompyuta ya mapajani ina betri, tatizo ni ruta. Tafuta zile UPS (betri za akiba) ndogo za ruta, zenye matundu ya volti 9 na 12, ila soma adapta yako kwanza: C7 inakula volti 12 ampea 2.5, WR841N inakula volti 9 ampea 0.6, ukimpa wa volti 9 ile 12 unacheza na moto. Kama huna UPS basi usiflashi jioni mvua inanyesha, chagua asubuhi mtaa umetulia.

Kuflashi

Chomoa kila kitu kwenye ruta. Baki na waya mmoja wa LAN kutoka kompyuta kwenda tundu la LAN, yale ya rangi moja, sio lile la WAN, la kuingizia intaneti. Kamwe usiflashi kwa waifai, manake ikifika katikati waifai yenyewe inazima.

Ingia kwenye kurasa ya setingi ya kiwandani, kwa TP-Link nyingi ni 192.168.0.1, nenda sehemu ya kuapdeti fimwea, chagua faili la factory. Kabla ya kubonyeza, libadilishe jina liwe fupi, mfano firmware.bin. Hii nimeijua kwa maumivu, TP-Link za zamani zikiona jina refu zinakataa, zinakuletea kosa namba 18005 kwamba toleo la faili sio sahihi, na faili halina shida yoyote ni jina tu. Kosa hilo hilo linakuja pia kama ruta imefungwa kwa soko fulani, ndiyo maana kwa C7 toleo la 2 utakuta mafaili ya factory zaidi ya moja, la kawaida, la eu na la us. Jina fupi likikataa, jaribu la soko la ruta yako.

Bonyeza, halafu mikono nyuma. Mstari utatembea, taa zitazima, zitawaka, zitapepesa, na kurasa itaganda manake ruta imeshabadilisha anwani. Usirifreshi, usichomoe. Kapike chai. Kwangu ilichukua kama dakika tatu lakini mi nasubiri kumi.

Baada ya hapo fungua brauza uandike 192.168.1.1, itakuja kurasa inaitwa LuCI. Jina la mtumiaji ni root, paswedi hamna, bonyeza ingia.

Ukishaingia

Usishangae huoni waifai kwenye simu, OpenWrt inakuja waifai imezimwa makusudi kwa sababu bado haina paswedi. Kwa hiyo cha kwanza kabisa ni kuweka paswedi ya root, menyu ya System halafu Administration.

Cha pili ni anwani. Modemu nyingi za nyumbani nazo zinakaa 192.168.1.1, sasa ukichomeka modemu kwenye WAN ya ruta yako yenye anwani hiyo hiyo zinagombana, intaneti haipiti na utalala unatafuta ugonjwa usiokuwepo. Nenda Network, Interfaces, kwenye LAN badilisha iwe 192.168.10.1. Ukisevu kurasa itapotea, chomoa waya wa LAN na kuchomeka tena kompyuta ipate anwani mpya, haraka kidogo, manake LuCI isipokuona ndani ya muda wake inarudisha ya zamani yenyewe. Mwanzoni watu walilalamika, mi naona ni kitu cha maana, imeniokoa mara mbili.

Cha tatu waifai. Network, Wireless, chagua nchi TZ, weka jina, weka paswedi, ulinzi weka WPA2. WPA3 ni nzuri lakini simu za zamani za wapangaji hazitaiweza, na utagongewa mlango saa nne usiku. Kwenye masafa ya 2.4 GHz chagua chaneli 1, 6 au 11 tu, na upana MHz 20, huku mitaani kwetu kila chumba kina ruta hewa imejaa, ukitanua unakaribisha kelele za jirani.

Intaneti kutoka kwenye simu

Wengi hatuna faiba, tuna bando. Hapa ndipo tundu la USB linalipa. Unachomeka simu ya Android kwenye ruta kwa waya, unawasha ile ya kushea intaneti kwa USB, na nyumba nzima inatumia, simu inachajiwa hapo hapo. Shida ni kwamba OpenWrt ya kawaida haina kile kipakiti cha kuitambua simu, kinaitwa kmod-usb-net-rndis, na kukishusha kunahitaji intaneti, ambayo huna mpaka ukiweke. Kuku na yai.

Suluhisho lipo kwenye tovuti ya kuchagulia fimwea ya OpenWrt, firmware-selector. Ukichagua modeli yako kuna sehemu ya kuongeza vipakiti, unaandika humo kmod-usb-net-rndis na luci-app-sqm (hiyo ya pili nitaieleza mbele), unabonyeza waitengeneze, wanakupa mafaili yenye kila kitu ndani. Fanya hivi tangu mwanzo na ndilo hilo uflashi. Kama una modemu ya USB kama Huawei E3372 ya aina ya HiLink, ongeza kmod-usb-net-cdc-ether na usb-modeswitch. Ukiwa na intaneti tayari ni amri mbili tu:

opkg update
opkg install kmod-usb-net-rndis luci-app-sqm

Hiyo ni kwa toleo la 24.10 na za nyuma yake, mradi umehamia kwenye programu nyingine ya kuweka vipakiti, apk badala ya opkg, kwa hiyo ukikuta opkg haipo usipaniki.

Kisha Network, Interfaces, ongeza mpya, iite simu, itifaki DHCP client, kifaa chagua usb0, na kwenye faiawoli uiweke kundi la wan. Ukisahau hilo la mwisho ruta itakuwa na intaneti ila wewe huna.

SQM, sababu ya mimi kufanya yote haya

Chumba namba nne kuna dogo anashusha magemu. Zamani akianza, wengine wote tunaganda, simu ya video ya mama mwenye nyumba na mwanae inakatika, anatoka nje anauliza nani kazima mtandao. Na ukipima spidi unakuta ipo. Tatizo ni foleni: data zinarundikana kwenye modemu, kale kapakiti kadogo ka simu ya video kanasubiri nyuma ya malori ya gemu. SQM inahamishia foleni kwenye ruta yako na kuigawa kwa haki.

Pima spidi yako saa tofauti, asubuhi, mchana, saa mbili usiku. Kwa faiba au waya weka asilimia 85 mpaka 95 ya ulichopata. Kwa laini ya simu inayopanda na kushuka weka karibu na ile ya chini. Yangu ilikuwa inacheza kati ya 12 na 25 nikaweka 12, yaani nimekubali kupoteza spidi ya mchana ili usiku watu waishi. Network, SQM QoS, chagua kiolesura chako (wan, au hiyo usb0), jaza kushusha na kupandisha kwa kilobiti, kwa hiyo 12 unaandika 12000, foleni chagua cake, skripti piece_of_cake, washa. Kumbuka hizi ruta zina prosesa ndogo, C7 ni MHz 720, kama una faiba ya mwendo mkubwa SQM itaikata pumzi. Kwa bando zetu haina neno.

Dogo bado anashusha magemu. Hakuna aliyegonga mlango tena.

Ikikataa kuwaka

Kama umekosea setingi tu ukajifungia nje, hiyo sio kufa. Weka kompyuta anwani ya mkono 192.168.1.2, zima na kuwasha ruta, taa ikianza kupepesa bonyeza kitufe cha rizeti, itapepesa kwa kasi, hapo upo kwenye failsafe, hali ya dharura. Andika:

ssh root@192.168.1.1
firstboot && reboot now

Inaanza upya kama mtoto.

Kufa kweli ni nyingine. Jirani yangu wa Ngaramtoni aliniletea WR1043ND, umeme ulikatika akiwa anaflashi, taa ya pawa inawaka basi, nyingine kimya. Hapo kuna TFTP, ni mlango wa nyuma ambao TP-Link nyingi za Atheros wanao kwenye programu ya kuwashia ambayo kuflashi hakuigusi. Kompyuta unaipa anwani 192.168.0.66, unazima faiawoli ya Windows, unafungua programu ya Tftpd64, unaweka faili la factory kwenye folda yake. Ruta ikiwa imezimwa unashikilia rizeti kwa kijiti cha meno, unaiwasha huku umeshikilia, sekunde kama kumi. Ikiamka hivyo inaomba faili kwa jina maalumu, kwa WR841N toleo la 9 mfano ni wr841nv9_tp_recovery.bin. Jina na anwani vinatofautiana, angalia kurasa ya kifaa chako, ila kuna ujanja: ukitazama logi ya Tftpd64 utaona ruta yenyewe inaomba faili gani, unalibadilisha jina lile ulilonalo unarudia.

Tulijaribu mara tano logi haionyeshi kitu. Ikabidi nikumbuke kwamba Windows inachelewa kuamka pale waya unapozimika na kuwaka, ruta inaomba faili sekunde chache inakata tamaa kabla kompyuta haijawa tayari. Nikachukua swichi ya bandari tano nikaiweka katikati, ili kompyuta ione waya upo muda wote. Mara ya sita logi ikaandika mstari mmoja, faili likaenda, na ile taa ya pili ikawaka. Jamaa alipiga kelele mpaka mbwa wakaamka.

Ukitaka kurudi kiwandani

Hapa ndipo lile faili la tatu linatumika. Kwa TP-Link za enzi ya WR841N na WR1043ND angalia jina la fimwea ya kiwandani, kama lina neno boot ndani yake usiliflashi hivyo lilivyo, lina kipande cha kuwashia mbele na kitaangukia sehemu siyo. Kikate kwanza, kwenye Linux:

dd if=kiwandani.bin of=safi.bin skip=257 bs=512

Hilo safi.bin unalipeleka kwenye folda ya /tmp ya ruta halafu unaandika sysupgrade -n -F /tmp/safi.bin. Kama jina halina boot, hakuna cha kukata, linaenda lilivyo. Na kabla ya kubonyeza enta, geuza ruta usome stika tena.